Ramani za Karatasi kwa Safari za Mwambao: Skeli, Umri wa Vipimo na Maji ya Bamvua

Chombo kidogo kinachopita mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Mtwara hadi Kiunga, karibu wakati wote kina miamba upande mmoja na mkondo unaokisukuma kaskazini. Ramani inayokifaa inapaswa kuonyesha miamba hiyo kwa ukubwa wa kutosha, iwe imetokana na vipimo vya kuaminika, na iwe imesahihishwa mpaka karibu na siku ya safari. Ni nadra sifa zote hizo kukutana kwenye karatasi moja. Ramani ya skeli nzuri inaweza kuwa na vipimo vya karne ya kumi na tisa, enzi za Sultan Barghash wa Zanzibar, na ile iliyochapwa mwezi uliopita ikawa ndogo mno kumwingiza mtu Wete, Pemba. Anayechagua, basi, anachagua pia upungufu gani ataubeba na atauzibaje.

Ramani nyingi zinazotumika katika maji ya Kenya na Tanzania hutolewa na UKHO, ofisi ya serikali ya Uingereza ya ramani za bahari iliyoanzishwa mwaka 1795, na huuzwa kwa jina la Admiralty. Zimewahi kuchapwa pia za Marekani, na kwa wanaovuka Ruvuma kwenda kusini ziko za Msumbiji na Afrika Kusini. Kubadili mchapishaji si lazima kubadilishe taarifa: ofisi hizi hubadilishana vipimo, na mara nyingi kina kilekile cha maji, kilichopimwa siku moja na watu walewale, huonekana kwenye ramani za nchi mbili au tatu kwa rangi tofauti. Wachapishaji binafsi kama Imray, ambao ramani zao zinazostahimili maji zimependwa na wenye mashua za starehe, walijikita zaidi Ulaya na Karibi. Kwa mwambao huu, swali la mchapishaji hujibiwa haraka. Kazi iko kwenye skeli na umri wa vipimo.

Skeli ya 1:50,000 maana yake ni kwamba milimita moja ya karatasi ni mita 50 za bahari. Katika 1:300,000, milimita hiyohiyo ni mita 300. Mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 150, na mita 150 ndizo zinazotenganisha maji salama na mwamba katika milango mingi ya Unguja na Mafia. Fungu Kizimkazi, kisiwa ambacho Waingereza hukiita Latham, kiko peke yake kwenye maji ya kina kirefu mashariki ya Dar es Salaam. Urefu wake ni kama mita 300 na kinainuka mita chache tu juu ya bahari. Katika ramani ya 1:300,000 kisiwa hicho ni alama ya milimita moja, na chombo kinachokikaribia usiku kwa kutegemea alama hiyo kinaongozwa na kitu kinachoweza kufunikwa na ncha ya penseli.

Kwa mazoea, ramani za skeli ya kati ya 1:10,000 na 1:25,000 ni za bandari. Za 1:50,000 hadi 1:75,000 ni za kukaribia bandari na kupita kati ya visiwa, na za 1:150,000 hadi 1:300,000 ni za safari ya mwambao. Zaidi ya hapo ni ramani za kuvuka bahari, ambazo kwa mwambao hufaa kuonyesha safari nzima kwa mtazamo mmoja na si zaidi. Umbali kutoka Dar es Salaam hadi mjini Unguja ni kama maili 40 za bahari. Katika 1:300,000 njia hiyo ni sentimita 25, inatoshea kwenye meza ndogo ya chombo. Katika 1:50,000 ni karibu mita moja na nusu, yaani inapita karatasi zaidi ya moja. Chombo kinachokwenda noti tano, yaani maili tano za bahari kwa saa, husogea sentimita tatu tu kwa saa kwenye ramani ya kwanza, na zaidi ya sentimita 18 kwenye ya pili. Hesabu hii ndogo inasaidia kuchagua kuliko maelezo marefu. Katikati ya mlango wa Zanzibar, ambako hakuna cha kugonga kwa saa nzima, sentimita tatu zinatosha. Mwendo wa kuingia Unguja kati ya visiwa vya Bawe na Changuu haufanyiki kwa ramani ambayo safari yote inaishia ndani ya upana wa kidole.

Bahari ya Hindi imetoa mifano miwili inayofaa kukumbukwa hapa. Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mashindano Team Vestas Wind ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius, usiku, kwa kasi kubwa. Ilikuwa na vifaa vya kisasa vya kila aina, lakini kwa kiwango cha ukuzaji kilichotumika kwenye skrini, miamba ile ilionekana kama kilima cha chini ya bahari chenye maji ya kutosha juu yake. Tarehe 25 Julai 2020 meli kubwa ya mizigo, Wakashio, ilikwama kwenye mwamba wa kusini mashariki ya Mauritius na baadaye ikamwaga mafuta. Uchunguzi wa Japan uligundua kwamba meli iliukaribia ufuko bila ramani ya skeli inayofaa kwa maji hayo. Ajali zote mbili zilihusu ramani za kielektroniki, na hapo ndipo karatasi inapoonyesha nguvu yake: mchoraji wa ramani ameshaamua ni nini kisiachwe katika skeli ile, na hakuna kitufe kinachoweza kukificha. Hata hivyo karatasi ya skeli isiyofaa ingemkwamisha mtu vilevile.

Kanuni ya mabaharia ni kutumia ramani ya skeli kubwa kuliko zote zilizopo kwa eneo husika. Ni kanuni nzuri kwa meli. Kwa chombo kidogo kinachosafiri siku nzima ina kasoro moja: inamfanya mtu abadilishe karatasi kila baada ya saa chache, juu ya meza inayoyumba, na karatasi inapobadilishwa ndipo makosa ya kuhamisha alama yanapotokea. Mpangilio unaofaa zaidi ni kusafiri juu ya ramani ya mwambao, na kuwa na ramani ya skeli kubwa kwa kila mahali ambapo chombo kitaingia au *huenda* kikalazimika kuingia. Mahali hapo pa pili ndipo husahaulika. Anayekwenda Tanga kutoka Unguja anakumbuka ramani ya Tanga. Upepo ukibadilika akajikuta anatafuta hifadhi Pangani au Mkoani, hana kitu.

Umri wa vipimo ni jambo gumu zaidi kwa sababu halionekani kwa kutazama mara moja. Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliupima mwambao huu katika msafara wa 1821 hadi 1826, akiwa na meli Leven na Barracouta, na wengi wa watu wake walikufa kwa homa. Katika miaka ya 1870 meli Fawn, chini ya William Wharton, ilirudi kupima upya baadhi ya sehemu. Wajerumani nao walipima upande wa Tanganyika mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowakuta. Meli yao ya upimaji, Möwe, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe Dar es Salaam mwezi Agosti 1914. Kazi ya watu hao ilikuwa makini kiasi kwamba sehemu za mwambao zisizo na biashara kubwa ziliendelea kuitegemea muda mrefu baadaye.

Makini, lakini kwa zana zao. Kina kilipimwa kwa bildi, risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama, ikishushwa kutoka kwenye mashua iliyokuwa ikipigwa makasia kwa mstari. Kitako cha risasi kilipakwa mafuta mgando ili kipande na mchanga, tope au vipande vya matumbawe, na ndiyo asili ya herufi ndogo zinazoonekana hadi leo kando ya tarakimu za kina: S kwa mchanga, M kwa tope, Co kwa matumbawe, R kwa mwamba. Herufi hizo ni hazina kwa anayetafuta mahali pa kutia nanga. Lakini bildi hupima pale ilipogusa tu. Kati ya mtupo na mtupo, na kati ya mstari na mstari, hakuna aliyejua kuna nini. Katika bahari ya mchanga hilo si hatari sana, maana sakafu hushuka taratibu. Katika bahari ya matumbawe, kichwa cha mwamba chenye upana wa nyumba kinaweza kusimama kutoka mita 15 hadi karibu na uso wa maji, na mistari miwili ya bildi ikakipita kulia na kushoto bila kukigusa.

Ramani nzuri hukiri udhaifu wake. Mahali fulani kwenye nchi kavu, pasipo na maelezo mengi, huchorwa kielelezo kidogo chenye umbo la ramani yenyewe, kinachoonyesha sehemu ipi ilipimwa lini na kwa njia gani. Katika ramani mpya kielelezo hicho hutumia madaraja ya kuaminika. Daraja A1 ni upimaji wa kisasa ulioifunika sakafu yote, ambapo mahali pa kitu hapakosewi zaidi ya mita tano. A2 ni mita 20, B ni mita 50, na C ni hadi mita 500. D ni mbaya kuliko hapo. Mtu akiangalia jambo moja tu dukani kabla ya kulipa, na aangalie kielelezo hiki, kabla hata ya mwaka wa kuchapwa. Sehemu iliyo C maana yake ni kwamba mwamba ulioandikwa unaweza kuwa karibu nusu kilomita kutoka ulipochorwa, na huenda kuna mingine ambayo haikuandikwa kabisa. Ramani moja inaweza kuwa na A1 kwenye mkondo wa meli unaoingia bandarini na D maili mbili pembeni, mahali ambapo mwenye mashua ndogo ndipo hasa anapotaka kwenda.

Hata bila kielelezo, karatasi yenyewe inasema. Tarakimu zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka na kuachana sana ni za upimaji wa zamani. Mstari wa kina uliokatika vipande ni wa kubahatisha. Sehemu nyeupe isiyo na tarakimu yoyote haimaanishi maji marefu; inamaanisha hakuna aliyepima. Kosa la kuichukulia nyeupe kuwa salama ni la kawaida kwa wanaotoka kwenye maji ya Ulaya, ambako nyeupe karibu kila mara ni kina.

Mfano mzuri kuliko yote wa thamani ya vipimo vipya uko delta ya Rufiji. Baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilitoweka. Ilikuwa imeingia Rufiji. Ramani za Waingereza hazikuonyesha njia ya maji yenye kina cha kupitisha meli ya ukubwa ule. Wajerumani walikuwa wameipima delta wenyewe na walijua njia ilipo. Msako ulichukua wiki kadhaa kabla maficho hayajagunduliwa, na meli ilimalizwa Julai 1915 tu, baada ya kuletwa meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Delta hiyo leo inafundisha somo jingine pia: mafungu ya mchanga na tope huhama kila masika, kwa hiyo hata vipimo bora vya mdomo wa mto huzeeka ndani ya miaka michache. Matumbawe hukaa, mchanga hutembea. Kipimo cha miaka hamsini cha mwamba wa Chumbe kinaweza kutumika, lakini cha umri huo kwenye mdomo wa Rufiji au Pangani ni kumbukumbu ya historia.

Wapimaji hawakufanya kazi peke yao. Majina yaliyomo kwenye ramani zao yanathibitisha kwamba waliuliza: fungu, mwamba, ras na mlango zimechapwa kwenye karatasi za Admiralty kama zilivyotamkwa na marubani na wavuvi wa siku hizo. Uhusiano huo haujaisha. Ndani ya mwamba, kwenye vijia vya maji ambavyo jahazi na ngalawa hupita kila siku, hakuna ramani inayomshinda mvuvi wa mahali. Ramani humsaidia mgeni kujua ni wapi ujuzi wake unaishia na ni wapi amtafute rubani.

Baada ya skeli na vipimo, toleo. Tarehe ya toleo huandikwa ukingoni mwa chini, na kwenye kona ya chini kushoto hupangwa namba za masahihisho yaliyokwisha kuingizwa. UKHO hutoa Matangazo kwa Mabaharia kila wiki, na mwenye ramani huyaingiza kwa mkono, kwa wino wa zambarau: boya limehamishwa, taa imebadilika, meli imezama hapa. Maonyo ya haraka kwa maji ya Kenya na Tanzania hutangazwa na India, inayosimamia eneo la nane katika mfumo wa kimataifa wa maonyo ya bahari. Ramani ambayo kona yake iko tupu tangu miaka kumi iliyopita imebaki kuwa picha ya miaka kumi iliyopita.

Na miaka kumi imetosha kubadilisha mengi. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, likiwa na mkondo uliochimbwa na maboya ambayo hayamo kabisa katika ramani za awali za ghuba ya Manda. Karibu na Tanga, Chongoleani imekuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda. Bandari ya Dar es Salaam imeongezwa kina. Chini ya maji kuna nyaya na mabomba: nyaya za umeme kutoka Ras Kiromoni kwenda Fumba na kutoka bara kwenda Pemba, za mawasiliano kama SEACOM na EASSy zilizofika mwaka 2009 na 2010, na bomba la gesi kutoka Songo Songo. Zote huchorwa kwa mstari wa zambarau wenye mawimbi au alama maalumu, na kutia nanga juu yake ni kosa la kisheria na la gharama.

Hapa ndipo ramani za mtumba zinaponasa watu. Ramani moja mpya huuzwa kwa makumi ya dola, na meli kubwa zinazoachana na karatasi hutoa mafurushi ya ramani kwa bei ya kutupa au bure. Zichukuliwe, lakini kwa kazi ya kupanga na kujifunza. Ile itakayotumika kuingilia bandarini usiku na inunuliwe mpya. Nakala za fotokopi ni mbaya zaidi ya mtumba. Mashine hupunguza au kunyoosha picha kwa asilimia ndogo isiyoonekana kwa macho, na ikiwa nakala ni ya rangi nyeusi na nyeupe, zambarau yote hupotea ndani ya mistari mingine: nyaya, mipaka ya maeneo yaliyokatazwa, alama za mwanga wa taa na maboya. Kijani cha miamba inayoanikwa na maji ya kupwa na buluu ya maji mafupi hugeuka kuwa kijivu kimoja.

Ramani za zamani sana hutumia pima badala ya mita. Hutambulika kwa nchi kavu iliyopakwa kijivu au iliyoachwa nyeupe, wakati zile za mita zina nchi kavu ya rangi ya manjano ya udongo na ukingoni huandikwa wazi kwamba vina viko katika mita. Pima moja ni karibu mita 1.83. Mtu akisoma ramani ya pima kwa kudhani ni mita, anapata maji mengi kuliko alivyodhani na hapati madhara. Akifanya kinyume chake, anakwama.

Kisha kuna suala la mahali. Kila ramani imechorwa juu ya msingi fulani wa kupimia umbo la dunia, na GPS hutumia msingi unaoitwa WGS 84. Ramani za nchi kavu za Kenya na Tanzania kwa muda mrefu zimetumia msingi wa Arc 1960, na tofauti kati ya misingi hiyo miwili kwenye mwambao huu ni takriban mita 300. Anayechukua latitudo na longitudo ya kijiji au kilima kutoka ramani ya nchi kavu na kuihamishia kwenye ramani ya bahari bila kusahihisha anajisogeza kwa kiasi hicho. Ramani za bahari zilizo kwenye WGS 84 husema hivyo na huruhusu namba za GPS kuwekwa moja kwa moja. Nyingine hutoa kiasi cha kusogeza. Za zamani zaidi husema kwamba tofauti haijulikani. Kundi hilo la mwisho halifai kutumiwa na GPS hata kidogo. Linafaa kwa njia ya kale: dira, bikari, na uelekeo wa vitu viwili vinavyoonekana, kwa sababu mwamba na mnara vilichorwa kwa msingi uleule, na mwamba uko pale ulipo ukilinganisha na mnara hata kama vyote viwili vimesogea ukilinganisha na setilaiti.

Maji ya mwambao huu hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa hupita mita tatu. Wakati wa maji mafu hushuka hadi kama mita moja. Kina kilichoandikwa kwenye ramani hupimwa kutoka kiwango cha chini kabisa ambacho maji hufikia kwa kawaida, kwa hiyo bahari karibu kila saa ina maji mengi kuliko karatasi inavyosema. Tarakimu iliyopigiwa mstari chini hutumika kwa mwamba au fungu linaloanikwa. Mwamba wenye 1.2 iliyopigiwa mstari huinuka mita 1.2 juu ya kiwango hicho. Jedwali la maji likionyesha mita 2.5 kwa saa fulani, juu ya mwamba huo kutakuwa na mita 1.3. Boti ya mashine inayozama sentimita 60 itapita. Mashua ya tanga yenye mkuku wa mita 1.8 itagonga. Mwenye boti ya kwanza anaweza kuridhika na ramani ya 1:75,000. Mwenye ya pili, kwenye bahari ileile, ana sababu ya kulipia ramani ya skeli kubwa ya kila mlango anaopita, kwa kuwa maji anayoweza kuyatumia ni machache na mipaka yake iko karibu.

Karatasi yenyewe huchaguliwa kwa meza. Ramani kamili ya Admiralty ina upana wa karibu mita moja, na meza za vyombo vingi vidogo hazifiki nusu ya hapo. Kukunja mara moja hakuna madhara. Kukunja mara tatu huleta mikunjo inayofuta tarakimu baada ya msimu mmoja. Wengi huzihifadhi zikiwa bapa chini ya godoro. Penseli laini, ya 2B, hufutika bila kung'oa wino. Umbali hupimwa kwa bikari kwenye kipimo cha latitudo cha ukingo wa kulia au kushoto, mkabala na chombo kilipo, ambapo dakika moja ni maili moja ya bahari, mita 1,852. Kipimo cha longitudo cha juu na chini hakitumiki kwa umbali, ingawa karibu na ikweta kosa lake ni dogo kiasi cha kumpa mtu tabia mbaya atakayoilipia akifika Rasi ya Tumaini Jema.

Upatikanaji unazidi kupungua. Kati ya 2012 na 2018 meli kubwa za safari za kimataifa zililazimishwa hatua kwa hatua kuwa na mfumo wa ramani za kielektroniki, na soko la karatasi likaanguka. Marekani ilitangaza mwaka 2019 kwamba itaachana na ramani za jadi za karatasi za maji yake yenyewe, na kufikia mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imezifuta. UKHO ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaacha ifikapo mwisho wa 2026, kisha baada ya malalamiko ikasogeza hadi angalau 2030. Ramani nyingi sasa huchapwa na wakala pale zinapoagizwa, zikiwa zimesahihishwa hadi wiki hiyo. Kwa mwenye chombo kidogo hilo ni afadhali kuliko zamani, alipouziwa karatasi iliyokaa ghalani miaka miwili. Ubaya ni kwamba wakala hao ni wachache na wako kwenye bandari kubwa, hivyo ramani za safari nzima hununuliwa kabla ya kung'oa nanga.

Kwa safari ya kutoka Dar es Salaam kupitia Unguja, Pemba na Tanga hadi Mombasa, mfuko wa kutosha una karatasi zisizozidi kumi. Ramani mbili za mwambao, za skeli ya 1:300,000 au inayokaribia, zinabeba mwendo wote wa kila siku. Zinazofuata ni za kukaribia Dar es Salaam, pamoja na visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Sinda, na za kukaribia mjini Unguja, ambako njia za kuingilia ni kadhaa na miamba iko pande zote. Tanga na Mombasa huhitaji ramani za bandari. Pemba ndiyo inayostahili pesa nyingi kuliko zote: upande wake wa magharibi umejaa visiwa vidogo na milango myembamba, huku mlango wenyewe kati yake na bara ukiwa na kina cha mamia ya mita na mkondo unaoweza kuzidi noti tatu wakati wa upepo wa kusi. Chombo kinachovuka kwenda magharibi hapo husukumwa kaskazini saa nzima bila dalili yoyote kwenye dira, na ramani ya skeli ya kati ndiyo inayoonyesha haraka kwamba alama za penseli zinateleza kutoka kwenye mstari uliochorwa asubuhi. Upande wa mashariki wa Pemba hauhitaji ramani ya skeli kubwa, kwa kuwa chombo kidogo hakina sababu ya kuukaribia.

Pamoja na ramani kunahitajika kitabu cha maelekezo, kama kile cha Admiralty cha pwani za kusini na mashariki za Afrika, kwa sababu ramani haielezi upepo wa alasiri wala mahali ambapo mawimbi huvunjika wakati wa kusi. Jedwali la maji la mwaka husika halina mbadala. Kwa vijia vya ndani visivyo na ramani ya kuaminika, mabaharia wazoefu huingia maji yakiwa yamejaa nusu na yanaendelea kujaa, ili chombo kikigusa kiinuliwe, jua likiwa juu na nyuma yao, mtu mmoja akiwa omo akisoma rangi ya maji. Wanachokiona hukichora kwenye daftari, kwa uelekeo wa dira na kina walichopima wenyewe, pamoja na tarehe na hali ya maji ya saa ile.